Kamera ndogo ya video ya safari: anza na sauti

Mkuu, umesema una milioni moja na nusu, unaanzia Unguja, unapita Mikumi siku mbili, unamalizia Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na unataka kamera moja ndogo ya kurekodi yote hayo. Wengi waliotangulia kukujibu wamekutajia 4K na 8K, yaani ukali wa picha. Mimi nakuomba uanze na sauti, na nakuomba kwa dhati, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe na sina namna ya kulirekebisha.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Kilwa na kamera ya michezo, zile ndogo za kufunga kwenye kofia. Picha yake safi sana. Tukatoka Kilwa Masoko asubuhi kwa jahazi kuelekea Songo Mnara. Nahodha alipoona ninarekodi, akaanza kunifundisha bila kuombwa. Anashika kitu, anakitaja: huu mlingoti, ile foromali, hili tanga. Akaeleza upepo wa kusi unavyoingia na dalili wanazozitazama baharini kujua kuwa kaskazi imekwisha. Nilimrekodi karibu dakika 40. Usiku gesti nikavaa hedifoni nisikilize. Upepo mtupu, kama mtu anachana turubai sikioni. Mdomo wa mzee unaonekana unacheza, mkono wake uko kwenye kamba, neno halisikiki. Mwaka uliofuata nikarudi kumtafuta, nikaambiwa amehamia Mafia. Magofu ya Songo Mnara ninayo vizuri kabisa, lakini magofu hayo yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981 na picha zake zimejaa mtandaoni. Maneno ya yule nahodha hayapo popote.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: kamera inapokea maiki ya nje? Iwe kwa tundu, iwe bila waya, mradi ipokee. Tafuta maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye kava la manyoya la kuvunja upepo. Hayo manyoya usiyadharau, ufukweni ndiyo yanayookoa kazi. Pesa ya maiki itenge kwanza, kinachobaki ndicho cha kamera. Na kama simu yako ni ya miaka hii na inatoa picha nzuri, mimi ningenunua maiki tu, kamera ningeiacha hadi safari nyingine.

Ukiamua kununua, mimi sasa natumia DJI Osmo Pocket 3. Ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 519 Marekani. Hapa nyumbani bei inategemea imeingiaje nchini. Ina gramu 179, unaishika kama tochi. Lenzi yake imekaa kwenye gimbali, yaani shingo yenye mota, kwa hiyo ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe huku unatembea, picha inateleza bila kutikisika. Kihisi chake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni cha inchi 1, ndiyo maana Forodhani jioni, kwenye mwanga wa karabai na moshi wa mishikaki, bado inaona. Inashikana moja kwa moja na maiki zisizo na waya za kampuni hiyohiyo. Lakini haizuii maji, na ile shingo mchanga ukiingia umekwisha. Usiishushe kwenye ngalawa bila mfuko wa kufunga.

Kama kuogelea na kuangalia samaki ndiyo roho ya safari yako, basi GoPro, kamera ya michezo. HERO13 Black ya 2024 inazama mita 10 bila kasha lolote. Usiku ni dhaifu, kihisi chake ni kidogo. Sony ZV-1 ya 2020 nayo nimewahi kuazima: ina tundu la maiki, kava la manyoya linakuja nalo kwenye boksi, rangi za ngozi zetu inazitoa vizuri. Betri yake ni ndogo mno, beba tatu.

Mikumi nikuambie ukweli: hakuna hata moja kati ya hizi itakayomleta simba aliyelala mita 200. Zoom ya kidijitali ni kukata picha na kuitanua tu. Kuna kamera za video za mkononi zenye zoom ya lenzi mara 20, ila kununua mzigo ule kwa siku mbili sikushauri. Rekodi tembo na twiga walio karibu, wa mbali watazame kwa darubini.

Kuna jambo la taa ambalo wauzaji hawalisemi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera nyingi zinakuja zimewekwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, ambayo ni ya nchi za hezi 60 kama Marekani. Ukirekodi ndani ya hoteli au kwenye harusi, unaona mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye picha. Ingia kwenye menyu, weka fremu 25 na shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde. Mistari inapotea.

Kadi ya kumbukumbu: nunua yenye alama ya V30, yaani kasi ya kuandika isiyopungua MB 30 kwa sekunde, na usinunue kwa bei ya kutupa. Niliwahi kuuziwa ya GB 128 ambayo ndani ilikuwa ndogo kuliko hapo. Ilijaa kimyakimya, na kila nilichorekodi baada ya hapo kilifunguka cheusi. Siku hizi kila kadi mpya naijaza yote kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima ukubwa halisi wa kadi, kabla ya kusafiri. 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa, kwa hiyo hata 128 halisi haifiki saa tatu.

Kuhusu mlima. Nilipanda na ile kamera ya michezo. Tuliondoka kambi ya Kibo usiku wa manane betri ikiwa karibu imejaa; tulipofika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, ikazima. Mwongozaji wetu akaichukua ile betri, akaiweka kwapani ndani ya jaketi, tukaendelea kutembea. Baadaye ikawaka tena na nikapata mapambazuko. Baridi haikuwa imeimaliza, ilikuwa imeizubaisha tu. Betri ya Pocket 3 haitoki, kwa hiyo kamera nzima ivae ndani ya jaketi, na usiku ilale nawe kwenye begi la kulalia. Unguja ni kinyume chake: ukitoka chumba chenye AC lenzi inapata ukungu papo hapo, iache kwenye mfuko uliofungwa nusu saa kwanza.

Ukienda Kariakoo kununua, usikubali kujaribu ndani ya duka palipotulia. Mwombe muuzaji mtoke barazani, asimame hatua tatu mbele yako, akutajie bei na masharti ya garantii huku bodaboda zinapita. Rekodi dakika moja, chomeka hedifoni zako mwenyewe, usikilize kama kila neno limeingia.