Telekomande ya zamani usiitupe bado: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Maswali ya wiki hii karibu yote ni juu ya kitu kimoja: telekomande ya kupanga, ile moja inayoongoza televisheni, dekodere na ampli, na namna ya kuhama kutoka ya zamani kwenda mpya.

Mama wa Katuba: Telekomande yangu ya kupanga imezeeka, vitufe vya sauti vimekufa. Nikinunua mpya, nitaingiza namba zilezile nilizoandika kwenye daftari?

Hapana, mama, labda iwe ya kampuni ileile, na hata hapo si lazima zikubali. Namba ile ya tarakimu nne televisheni yako haiijui kabisa. Ni kama namba ya ukurasa katika kitabu ambacho kampuni imekiweka ndani ya telekomande yake. Kampuni nyingine ina kitabu chake, na kurasa zimepangwa vingine.

Nunua yenye uwezo wa kujifunza. Unalaza telekomande mbili mezani, vichwa vikitazamana kwa sentimita chache, unaiamuru mpya ijifunze, kisha unafinya kitufe cha ile ya zamani. Mpya inanasa mwanga wake. Mwanga huo ni wa infraredi, jicho haliuoni. Kwa vyombo vingi unawaka na kuzima mara 38,000 hivi kwa sekunde, na mpangilio wa mimuliko mirefu na mifupi ndio unaosema "ongeza sauti". Fanya kazi hii mbali na jua la dirishani, na tia pile mpya pande zote mbili. Nimeona watu wakilaumu telekomande mpya bure, kumbe pile za ile ya zamani, mwalimu wake, zilikuwa zimechoka.

Kuhusu vitufe vilivyokufa: mara nyingi ni uchafu tu. Fungua, pangusa mpira na bodi kwa alkoli ya famasi, acha vikauke. Vikifufuka hata kwa siku moja, itumie siku hiyo kufundisha mpya. Ndiyo sababu ninaomba sana: msitupe ya zamani, wala zile za asili zilizokuja na vyombo.

Papa wa Kampemba: Nilipanga kitufe kimoja kiwashe televisheni, dekodere na ampli pamoja. Umeme ukikatika na kurudi, kinawasha kimoja na kuzima kingine. Telekomande imeharibika?

Haijaharibika, papa. Hii ni kazi ya delestaji, huku kukatwa-katwa kwa umeme. Kitufe cha kuwasha kwenye vyombo vingi ni cha kugeuza: kilichozima kinawaka, kilichowaka kinazima. Umeme ukirudi, dekodere huenda ikajiwasha yenyewe huku televisheni ikibaki imelala. Telekomande haioni hali hiyo. Inatuma "geuza" kwa vyote, na dekodere inazima.

Dawa yake ni amri mbili zilizotengana, moja ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu. Televisheni nyingi zinazijua hata kama telekomande yake ya asili haina vitufe hivyo, na telekomande nzuri za kupanga zinakuwa nazo katika orodha yao. Uliza hilo kabla ya kutoa pesa. Kama hakuna, jaribu kupanga kitufe cha namba ya chaneli mahali pa kile cha kuwasha: televisheni kadhaa huamka kwa namba, na zikiwa macho haziwezi kuzimwa nayo.

Dada wa Kenya, mtaa wetu: Televisheni yangu ni Philips ya zamani. Telekomande mpya imejifunza vizuri, lakini nikifinya 1 mara mbili nipate 11, inapokea 1 moja tu.

Televisheni nyingi za Philips za wakati huo hutumia lugha iitwayo RC-5. Ndani yake kuna alama inayobadilika kila unapofinya upya, ili televisheni ijue kwamba umeachia kidole. Telekomande yako imenakili alama moja na kuirudia, basi televisheni inadhani bado umeshikilia. Kwa vitufe vya namba, usitumie njia ya kujifunza. Ingiza ile namba ya tarakimu ya Philips iliyo katika karatasi ya maelezo ya telekomande mpya.

Yaya wa Kamalondo: Mdogo wangu wa Ubelgiji anataka kunitumia Harmony, telekomande ya kupanga ya kampuni ya Logitech, aliyotumia yeye. Nikubali?

Zilikuwa kati ya zile bora, lakini Logitech ilitangaza mwaka 2021 kwamba haitengenezi tena. Kuipanga kunahitaji intaneti na akaunti. Kama ni zawadi, ipokee, na mwambie aitume na chaja yake. Kuinunua kwa bei kubwa, siwezi kukushauri.

Kijana wa Ruashi: Kijiti changu cha filamu kinachochomekwa kwenye televisheni hakisikii telekomande yoyote ya kupanga.

Chukua telefone, fungua kamera ya mbele, elekeza kichwa cha telekomande ya kijiti hicho, kisha finya. Ukiona kamwanga ka zambarau, ni infraredi na kanaweza kunakiliwa. Usipoona kitu, jaribu kwanza na ya televisheni ili uhakikishe kamera yako inaona. Kama ya televisheni inawaka na ya kijiti haiwaki, basi kijiti kinaongea kwa bluetooth au mawimbi mengine ya redio, na telekomande ya infraredi peke yake haitakifikia kamwe. Ila vijiti vingi hukubali kuongozwa na telekomande ya televisheni kupitia waya wa HDMI. Tafuta "CEC" katika mipangilio ya televisheni, uiwashe.