Umempa Panadol alfajiri, ukampandisha kwenye basi

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya watoto wa chekechea. Shule zimefunguliwa, najua.

Mwanangu ana miaka 4. Tangu aanze chekechea haipiti wiki mbili bila mafua. Kinga imeshuka? Nimnunulie dawa gani ya kuiongeza? (Mama, Tabata)

Haijashuka. Mtoto mwenye afya wa umri huo hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na huyo wako ndiyo kwanza anaonja virusi vya darasa zima. Hela ya hizo chupa za kinga nunua mayai na machungwa. Akipumua kwa shida, au mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa, hayo siyo mafua tena: hospitali, usiku huohuo.

Kuna amoksilini ilibaki ya dada yake. Nimpe mdogo, ana kamasi za kijani? (Baba, Mbagala)

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Mafua ni virusi, amoksilini ni ya bakteria. Kamasi kuwa za kijani hakubadilishi kitu. Halafu hiyo ya maji ikishakorogwa haivuki wiki mbili, hata ikae kwenye friji. Na kwa nini ilibaki, kama dada yake alimaliza dozi?

Wazazi wanatuletea watoto wenye homa. Tukiwapigia wanasema "amekunywa dawa, atakuwa sawa". Tufanyeje? (Mwalimu, Kinondoni)

Mwalimu, warudishe, na usione haya. Panadol hushusha joto kwa saa 4 hadi 6 tu. Aliyepewa saa kumi na moja alfajiri atashuka kwenye basi anacheka, na muda wa uji ukifika anachemka, ameshakunywa kwenye kikombe cha wenzake. Niliwahi kufungua begi la mtoto wa miaka 3 nikakuta chupa ya dawa imelazwa juu ya maandazi, na kikaratasi: "Mpe kijiko saa nne." Kijiko kipi, cha chai au cha wali? Dozi ya mtoto hutokana na uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na haizidi mara 4 kwa siku.

Utaratibu ni huu: mwenye homa anakaa nyumbani mpaka amalize saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Na homa ya hapa kwetu inapimwa malaria siku hiyohiyo, haikisiwi.

Siwalaumu akina mama peke yao. Bosi anayekata siku ya mshahara kwa sababu mtoto anaumwa ndiye anayewafundisha kuficha homa. Nanyi walimu, ile ndoo yenye kikombe kimoja kilichofungwa kamba, na taulo moja la watoto 30, mtaziondoa lini?

Alikuwa anaharisha, nimempa Flagyl, imekata. Arudi shule? (Mama, Ubungo)

Haikukata kwa Flagyl. Mara nyingi kuharisha kwa watoto huisha kwenyewe. Alichohitaji ni ORS na zinki siku 10 hadi 14, na zinki haiachwi eti kwa sababu choo kimekaza. Arudi akishamaliza siku mbili bila kuharisha, na ajue kunawa kwa sabuni.

Tetekuwanga: anarudi lini?

Vipele vyote vikishakauka na kufanya magamba. Usimpe aspirini.

Macho mekundu: nimtie chai ya rangi au maziwa ya mama?

Mliniuliza hayohayo mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Dar. Hapana. Hapana pia kwa tumbaku, kwa mkojo, na kwa matone aliyobakiza jirani. Maji safi, taulo lake mwenyewe, na daktari kama anaumia au haoni vizuri.

Mjukuu wangu anakohoa wiki ya tatu. Majirani wanasema akakatwe kimeo, kama alivyokatwa babu yake, ambaye naye anakohoa tangu Ramadhani. (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Usimpeleke. Kimeo hakileti kikohozi, bali wembe wa mkataji ndio unaoleta damu isiyokatika na pepopunda. Kikohozi kikipita wiki mbili mtoto achunguzwe kifua kikuu, na matibabu yake hospitali ya serikali ni bure. Watoto huambukizwa na watu wazima wanaoishi nao, bibi, kwa hiyo kesho asubuhi mkiondoka, babu naye avae viatu.