Kumleta mama Marekani: anza na yeye kabla ya fomu

Jamani watu wengi wananiuliza nilimletaje mama huku Marekani, na karibu wote wanaanza na habari ya fomu. Mi nawauliza kwanza, mama mwenyewe umemuuliza? Maana ukimwambia kwenye simu "mama nakuleta" atakujibu "haya mwanangu, asante", mzazi anaitikia tu asikuvunje moyo. Mi nilifanya hivyo hivyo, na alipofika wiki ya kwanza nikawa naona analala na mkoba pembeni ya mto, kumbe ndani kuna funguo za nyumba yake, zote mpaka ya stoo, na kila asubuhi anauliza nani kafungua madirisha kule. Iliniuma sana. Alikuwa hajui kama amekuja kutembea au amehama, na mimi ndo sikumweleza.

Kwa hiyo kaeni muongee kabisa. Mwambie grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ni ya mtu anayeishi huku, akikaa nje zaidi ya mwaka bila kuomba kibali cha kurudi kabla hajaondoka anaweza kuipoteza, na hata akipitisha miezi sita anaweza kuhojiwa uwanja wa ndege. Kwa mzee mwenye nyumba yake na kaburi la mume wake kule, hilo neno ni zito, mpe muda alifikirie.

Akikubali ndo uingie kwenye karatasi. Wewe uwe raia na umetimiza miaka 21, mwenye grini kadi hawezi kumwombea mzazi. Fomu ni I-130, na kama ni baba na mama basi kila mmoja na ya kwake. Wazazi wa raia hawawekewi idadi ya mwisho kwa mwaka kama ndugu, hiyo nafuu kubwa. Ila kidonda kiko hapa: mama hawezi kumbeba mdogo wenu kwenye fomu hiyo hata kama ana miaka 12, mpaka yeye apate grini kadi ndo amwombee, na hapo kuna kusubiri. Rafiki yangu mama yake alikataa kuja kwa sababu hiyo, na mi naona alikuwa sahihi kabisa.

Sisi kilichotukwamisha ni jina. Cheti changu cha kuzaliwa kina mama kwa jina la kwao, paspoti yake ina jina la ndoa, halafu cheti chake yeye kilisajiliwa akiwa mtu mzima na watoto wake. Tukaandikiwa barua tulete ushahidi zaidi, tukahangaika na hati za kiapo na cheti cha ndoa kilichochakaa mpaka hakisomeki, miezi mitano ikapita. Toa makaratasi yote mezani leo usome majina herufi kwa herufi, maana Mwanaisha na Mwanaesha ni watu wawili kwa anayesoma faili.

Kuna na fomu ya udhamini, I-864, kipato chako kifike angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali, na mama anahesabiwa kwenye watu wa nyumba. Kisipotosha unatafuta mdhamini mwenza, ila mweleze wazi kwamba mkataba ule hauishi mama akishatua.

Halafu bima, hii ndo inanyima watu usingizi. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ni kuanzia miaka 65, na mzazi ambaye hajafanya kazi huku lazima awe amekaa miaka mitano mfululizo kwanza. Mama ana presha, mi nikaanza kutafuta bima ameshafika na dawa zimebaki za siku 9, nikawa nahesabu vidonge usiku yeye amelala. Una siku 60 tangu apate ukaazi kumwandikisha kwenye soko la bima la serikali, usizichezee. Na kabla hajasafiri daktari wake aandike jina la dawa yenyewe na kipimo chake, kwa sababu jina la kwenye boksi linabadilika nchi hadi nchi na mfamasia wa huku atabaki anakuangalia tu.

Mwezi ujao mama anaenda kwake wiki nane kufungua hayo madirisha. Tiketi ni ya kwenda na kurudi, na safari hii tarehe kazipanga mwenyewe.