Kabla hujamwambia kijana wako aje dukani sikukuu

Tarehe 26 Desemba, miaka kadhaa iliyopita, nilipita dukani kwangu saa kumi jioni kuchukua mahesabu. Duka lenyewe ni dogo, lipo jirani na soko kuu hapa Mtwara mjini: mchele, unga, sukari, mafuta ya kupima, na pembeni kidirisha cha wakala wa pesa za simu na benki. Nilimkuta binti niliyemwajiri ameinamia kaunta, simu kaibana sikioni, wala hakusikia nilipoingia. Nilidhani anaongea na mtu. Kumbe alikuwa anasikiliza tu. Shangazi yake alimpigia kutoka kijijini kwao, upande wa Nanyamba, akaiacha simu wazi katikati ya ngoma ili naye avisikie vigelegele. Siku ile mtoto wa kwanza wa huyu binti alikuwa anatoka jandoni.

Wiki moja kabla aliniomba ruhusa, nikamkatalia. Nilimwambia, "Mdogo wangu, huu msimu wa korosho, watu wana hela. Halafu Krismasi wala si sikukuu yako." Akajibu, "Sawa dada," akaendelea kupima sukari.

Waliozaliwa huku kusini hawahitaji maelezo. Mtoto anapotoka jandoni, macho yake yanamtafuta mama kwenye lile kundi la wanawake. Mama asipokuwepo atasimama shangazi, atasimama bibi, mtoto atapokelewa na atatunzwa, lakini siku yenyewe hairudi. Nami nilipofungua daftari jioni ile, mauzo ya siku nzima hayakufika elfu arobaini. Watu walikuwa wameshanunua vyao tangu mkesha wa Krismasi.

Ninaandika haya kwa sababu kila sikukuu inapokaribia naulizwa na wenzangu wenye maduka, tufungue au tufunge? Jibu langu si moja kwa siku zote. Ila lipo jambo moja ambalo sasa sitetereki nalo: usifungue duka sikukuu kwa mgongo wa mtu mwingine huku wewe umekaa nyumbani na sahani ya pilau. Kama siku hiyo ina thamani kwako kibiashara, kaa mwenyewe, au mlipe anayekaa kama sheria inavyotaka, kwa hiari yake.

Zamani nilikuwa na utaratibu ambao niliuona wa haki kabisa, na najua wengi mnautumia. Idi wanakaa Wakristo, Krismasi na Pasaka wanakaa Waislamu. Unaonekana hauna lawama. Tatizo ni kwamba sikukuu huku kwetu si ibada peke yake. Angalia Desemba: shule zimefungwa, ndugu wameshuka kutoka Dar, hela za korosho zimeingia kwenye akaunti. Ndiyo siku watu wanazozipata za kuoza, kutoa watoto jandoni, kuwacheza wali wa unyagoni, kusoma hitima ya mzee, kukaa kikao cha shamba la urithi. Vyote vinarundikana humo humo. Mwislamu wa Nanyamba anaweza kuihitaji tarehe 26 Desemba kuliko anavyoihitaji Maulidi. Kijana wangu mwingine ni Mkristo wa Masasi, mke wake ni wa Lindi, na Idi ndiyo siku anayotegemewa ukweni. Nilimkalisha dukani Idi mbili mfululizo nikiamini sijamnyang'anya kitu. Kwa hiyo usimuulize mtu dini yake, muulize kwao kuna nini.

Baada ya ile Desemba nilianza kuandika. Kila sikukuu nilirekodi mauzo ya asubuhi, mchana na jioni kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, mwaka mzima. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, maana tunachokumbuka kichwani ni kelele za mtaani, si hela iliyoingia.

Niliona hivi. Siku kama Mapinduzi, Karume, Muungano, Saba Saba, Nyerere na Uhuru, soko linakwenda kama kawaida. Waliopumzika ni wa maofisini. Benki zimefungwa, kwa hiyo dirisha la wakala linapata watu wengi kuliko siku za kazi. Siku hizo nafungua. Idi mosi ni nyingine kabisa: asubuhi hakuna mtu. Watu wako uwanjani kwenye swala, wakirudi ni pilau na kutembeleana. Kuanzia saa tisa alasiri ndipo mtaa unaamka. Watoto wanakuja na mkono wa Idi umekunjwa kwenye kiganja, noti imelowa jasho, wanataka juisi, biskuti na maputo. Vijana nao wanataka kutoa hela wakimbilie feri wavuke Msangamkuu ufukweni. Krismasi inafanana na hiyo. Biashara yenyewe ya sikukuu ipo mkesha: mchele, mafuta, nazi, viungo vya pilau. Mkesha siwezi kufunga, na hapo ndipo ninapoomba vijana wangu wote wawepo mpaka usiku.

Kuna wenye wasiwasi kwamba mteja akikuta umefunga atahamia kwa jirani. Nami niliogopa hivyo. Mteja anachokichukia zaidi ni kuja bila kujua. Siku hizi nabandika karatasi mlangoni siku tatu kabla, herufi kubwa: "Idi mosi tutafungua saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili." Wateja wa asubuhi wananunua mahitaji yao mkesha, na hakuna aliyewahi kunilalamikia.

Idi el-Fitri, ile ya kumaliza Ramadhani, ina ugumu wake wa peke yake, mwezi. Tangazo la kuandama linakuja usiku, nawe umeshampangia mtu kesho yake. Wengi tunawapigia vijana simu saa tatu usiku, "Kesho njoo," au "Kesho usije," na mtu ana watoto wa kuvisha. Mimi napanga siku zote mbili mapema. Ikiwa Idi ni kesho, anakaa fulani kuanzia saa tisa. Ikiwa ni keshokutwa, kesho ni mkesha na tunakuja wote. Hakuna wa kusubiri simu yangu.

Kwa wenzangu wa uwakala, sikukuu inafana au inaharibika kwenye keshi. Watoto walioko Dar wanawatumia wazazi, wazazi wanakuja kutoa. Kila anayetoa anaondoka na noti zako, anakuachia floti, yaani hela ya kwenye simu. Ikifika jioni ya mkesha simu imejaa hela na droo haina kitu, benki zimefungwa, na bibi aliyetumiwa elfu thelathini anazunguka mji. Mimi nimekubaliana na mwenye bucha na wauza samaki wawili pale sokoni. Wao siku hizo wanashika noti nyingi na wanaogopa kulala nazo. Wananiletea keshi, nawawekea kwenye simu zao, wao wako salama na mimi nina noti za kuwapa wateja. Lakini giza likiingia, dirisha la wakala nalifunga hata kama duka bado liko wazi. Sitaki kijana wangu arudi nyumbani usiku wa mkesha watu wakijua ametoka kuhesabu mamilioni.

Sasa malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, inasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya umma, alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Haisemi apewe kilo mbili za mchele na asante. Mchele mpe, ila usiuite malipo. Nami kwa miaka nilitoa huo mchele na nikajiona mkarimu.

Fanya hesabu uone. Mtu anayelipwa 260,000 kwa mwezi, akifanya kazi siku sita kwa wiki, siku yake moja ni kama 10,000. Siku nzima ya sikukuu ni 20,000. Ongeza chakula na nauli, tuseme 8,000. Jumla 28,000. Kama faida yangu kwenye kilo ya mchele ni shilingi 200, nahitaji kuuza kilo 140 ili kumlipa yeye tu, kabla mimi sijapata senti. Asubuhi ya Idi sijawahi kuuza hata kilo 20. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifungia duka asubuhi za Idi. Nilipokuwa simlipi mtu haki yake, kila sikukuu ilionekana ina faida.

Chakula nimekitaja kwa makusudi. Sikukuu mama lishe wote wamefunga. Yule kijana wa Masasi aliwahi kunieleza, nilipomuuliza baadaye sana, kwamba zile Idi mbili alishindia soda na biskuti za dukani, akaziandika kwenye deni lake. Mtaa mzima unanukia pilau, yeye anakula biskuti za kununua kwa mshahara wake. Tangu hapo sahani ya anayekaa inatoka jikoni kwangu kabla ya sahani ya mtu mwingine yeyote, na anapelekewa ikiwa ya moto. Jioni bodaboda na bajaji wanapandisha bei, hivyo nauli ya kurudi nampa mkononi, simwachii atoe mfukoni.

Sisemi kila kitu kifungwe. Idi moja mwanangu alichemka homa, tukaandikiwa dawa, nikazunguka maduka matatu ya dawa yote yana kufuli. La nne nililipata karibu na saa sita mchana. Duka la dawa, feri, stendi, hospitali, hivyo haviwezi kusimama, na wanaokaa huko sikukuu tunawiwa nao. Ninachowaomba wenye maduka ya dawa ya mtaa mmoja ni kukubaliana zamu, kisha kila aliyefunga abandike mlangoni jina la aliye wazi siku hiyo. Mzazi mwenye mtoto mgongoni asome karatasi moja, ajue aelekee wapi.

Kwangu siku hizi tunakaa mwezi wa kumi na moja, sisi watatu, na kalenda ya ukutani tunaishusha juu ya kaunta. Kila mmoja anachagua kwanza siku yake moja isiyoguswa, na haulizwi sababu. Mimi nachagua wa mwisho. Siku zilizobaki tunagawana, anayetaka hela ya mara mbili anajitaja mwenyewe, na mara nyingi wanazigombania, hasa ile ya Uhuru. Siku isiyo na mtu nakaa mimi, au tunafunga.

Mwaka jana 26 Desemba haikuwa na mtu, nikakaa mimi. Nilifungua saa tisa, nikafunga saa kumi na mbili. Niliuza sukari, maji ya kunywa na vocha, na mzee mmoja alikuja kutoa hela aliyotumiwa na mwanawe. Yule binti alikuwa Nanyamba, mwanawe wa pili anatoka jandoni. Aliporudi kazini tarehe 28 alikuwa anawahudumia wateja kwa ishara ya mikono, sauti imemkauka yote kwa vigelegele.