Jibu: Kutoa tairi za 185/65R15 na kufunga 205

Ndugu uliyeuliza, kubadili tairi za 185/65R15 (upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) kwenda zenye upana wa 205 kwa rimu zilezile inawezekana, lakini usinunue 205/65. Kipenyo kitaongezeka milimita 26, na spidomita itakuonyesha mwendo mdogo kuliko unaokwenda kweli. Hilo ni hatari. Chukua 205/60R15, tofauti ni kama milimita 5 tu. Kwanza soma upana uliogongwa kwenye rimu: ukiwa chini ya inchi 5.5, achana na 205 kabisa. Ukishafunga, pakia watu, kata usukani hadi mwisho pande zote, usikilize kama tairi inagusa madigadi au shokapu. Mafuta yataliwa zaidi kidogo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mvua: tairi pana huelea upesi juu ya maji, hasa kashata (meno ya tairi) zikiisha.