Maswali ya Wasomaji: React au nibaki na WordPress?

SWALI: Assalamu alaykum. Natengeneza tovuti kwa kujiajiri, huu mwaka wa nne. Wateja wangu wengi ni nyumba za wageni za Nungwi na Paje, na kazi zote nazifanya kwa WordPress, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti. Kila nikiingia YouTube naambiwa nisome React, mara Vue (zana za kujengea kurasa kwa lugha ya JavaScript), mara akili mnemba (AI). Nimeanza kozi tatu, sijamaliza hata moja. Nishike ipi?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Iache YouTube kwanza, ufungue daftari lako la kazi. Chukua kazi kumi za mwisho, na kwa kila moja andika mteja alilalamikia nini na wewe saa zako zilipotelea wapi. Lalamiko linalojirudia ndilo somo lako la kwanza.

Kwa nyumba za wageni, mara nyingi ni tovuti kuchelewa kufunguka kwenye simu. React haiponyi hilo. Ikitumiwa ovyo hulizidisha, maana simu ya bei nafuu inabidi ipakue na kuchambua rundo la JavaScript kabla ukurasa haujaitika. Chanzo huwa ni picha. Picha ya ufukwe ikitoka kwenye kamera huweza kuwa na upana wa pikseli 6000 na uzito wa MB 5 au zaidi. Ipunguze hadi pikseli 1600, uihifadhi kwa WebP, muundo wa picha nyepesi, ubora 75. Nyingi hushuka chini ya KB 400. Taja upana na urefu wake ndani ya HTML, yaani msimbo wa ukurasa, la sivyo maandishi huruka picha inapofika na mgeni akabonyeza kitufe sicho. Picha za chini ziwekee loading="lazy", yaani zisipakuliwe mpaka mgeni azikaribie, lakini ile ya juu kabisa usiiwekee. Hapo wengi hukosea, wakaichelewesha picha ileile anayoisubiri mgeni.

Kisha pima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti, upande wa simu. Kitu kikubwa kuliko vyote cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na mguso uitikiwe ndani ya milisekunde 200. Kipimo hiki cha mguso kiliingia rasmi kwenye vipimo vikuu vya Google Machi 2024, kwa hiyo kozi za zamani hazikitaji.

Kagua na toleo la PHP, lugha inayoiendesha WordPress, kwenye seva za wateja. PHP 7.4 iliacha kupewa viraka vya usalama Novemba 2022. Usipandishe toleo moja kwa moja: nakili tovuti pembeni, ijaribu kwa PHP 8, na utazame programu-jalizi (plugins) zipi zinaanguka. Zilizotelekezwa na watengenezaji wake ndizo huanguka kwanza.

Sasa React. Tunakushauri uisome, ila kwa mlango wa WordPress. Kihariri cha bloku, yaani vipande vinavyopangwa kuunda ukurasa, kilichokuja na WordPress 5.0, Desemba 2018, kimejengwa kwa React. Tengeneza bloku moja tu: jedwali la bei za vyumba ambalo mwenye nyumba anabadilisha mwenyewe msimu ukigeuka. Utajifunza kitu kipya na mteja huyohuyo atakilipia. Kabla yake, imarisha JavaScript tupu. AngularJS, zana nyingine ya JavaScript, iliachwa mwisho wa 2021, na aliyeijua lugha yenyewe alihama na ujuzi wake. Vue iache kwa sasa. Ni nzuri, lakini hakuna kazi yako inayoidai.

Muda upo. Masika, Aprili na Mei, wageni hupungua na hoteli kadhaa hufunga. Tenga saa sita kwa wiki, wiki sita. Mwishoni zima video na ujaribu kuijenga bloku hiyo upya bila kutazama popote. Ukikwama, rudia hapo ulipokwama tu, usikimbilie kozi nyingine.

Akili mnemba itumie kukueleza kosa lililoandikwa kwenye skrini. Msimbo wa fomu ya malipo ikikuandikia, usome mstari kwa mstari kabla ya kuuweka, na usiuweke mwezi wa Julai nyumba zikiwa zimejaa.