Rimoti ya ndege za modeli: umbali unaanzia kwenye antena

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya umbali, basi twende moja moja.

Msomaji wa Pongwe: ana moduli (kile kisanduku cha rimoti kinachorusha mawimbi) ya miliwati 100, akinunua ya wati 1 ataenda mbali mara kumi?

Hapana kaka. Ukitaka umbali mara mbili nguvu lazima iwe mara nne, kwa hiyo wati 1 itakupa kama mara tatu tu, tena pawe peupe hamna minazi katikati, halafu betri ya rimoti inakwisha haraka na moduli inachemka. Angalia antena kwanza. Na usiiwashe moduli bila antena hata kidogo, inaungua.

Wa Chumbageni: ndege ikimwacha moja kwa moja mawasiliano yanashuka, ikigeuka ubavu yanarudi.

Hii naijua kwa uchungu. Waya wa antena ya kwenye ndege unasikia ubavuni, nchani hausikii, sasa mi nlikuwa nimeulaza kufuata mwili wa ndege, ncha inatazama mkiani, kwa hiyo kila ndege ikiniacha inanipa ile ncha. Siku hiyo Mwambani LQ, yaani asilimia ya pakiti (vifurushi vya amri kutoka kwenye rimoti) zinazofika, ikawa inasoma 100, 70, 40, nami nikadhani ni minazi tu nikaendelea kwenda badala ya kugeuza, ikaangukia kwenye mikoko na maji yanajaa, tulivyofika na mtumbwi tukapata bawa moja. Siku hizi waya nausimamisha wima kwenye pezi la mkia, naunyoosha ndani ya mrija wa soda na kuubana kwa selotepu, mbali na betri, nyaya za mota na chochote cha kaboni. Kwenye gigahezi 2.4 kinachosikia ni ile ncha iliyo wazi ya kama sentimita 3, usiikate wala usiikunje. Antena ya rimoti nayo isimame wima, usiinyooshee ndege kidole.

Mwingine: achukue rimoti ya gigahezi 2.4 au ya megahezi 915, muuzaji wa mtandaoni anamsifia 915?

915 ni ya Marekani, huku kwetu inagusana na simu, kwenye mtandao wa GSM 900 simu zinatuma kwenye megahezi 890 mpaka 915. Masafa ya chini yanapenya miti vizuri, ni kweli, ukiyataka chukua 868. Ila kwa ufukweni mi nashauri ExpressLRS, mfumo wa mawasiliano ya rimoti, ile ya 2.4, ukiishusha kutoka hezi 500 mpaka 50, yaani pakiti kwa sekunde, risiva (kipokezi cha kwenye ndege) inasikia desibeli 10 zaidi, ni kama umeongeza nguvu mara kumi bila kutoa hata mia.

Dada wa Raskazone: mawasiliano yakikatika juu ya bahari itakuwaje?

Itafanya ulichoipangia kwenye feilisefu, ile mipangilio ya mawasiliano yakikatika, basi panga leo. Kama hamna GPS, mota izime na ndege izunguke taratibu ishuke hapohapo, ukiwa na GPS irudi nyumbani. Toa propela, washa vyote, piga gesi kidogo kisha zima rimoti: mota isiponyamaza hurushi. Halafu uwanja wetu wa ndege hapa Tanga uko karibu na mji, kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kitangulie, ndo twende ufukweni.